Hatuzibi nafasi za vijana, tunawashushia bei

Mhariri,

Wiki tatu zilizopita msomaji wako mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba wastaafu wanaorudi kazini kwa mikataba ya muda wapigwe marufuku, maana wanawazibia vijana nafasi. Wiki iliyofuata akajibiwa na mwingine, mstaafu mwenzangu kwa jinsi alivyoandika, kwamba utu uzima dawa na vijana wa leo hawana subira. Nimezisoma barua zote mbili nikiwa barazani kwangu Ipuli, hapa Tabora, na nikaona waungwana hawa wanagombea kiti. Kiti hicho nimekikalia siku 100 na ninajua kilichoharibika. Kilichoharibika ni bei, na aliyeiharibu ni mimi.

Mimi ni mtu wa maabara. Miaka 31 nimeinamia hadubini katika hospitali na vituo vya afya vya Serikali mkoani humu: Urambo, Sikonge, mwisho hapa mjini. Mwaka 2023 nilitimiza miaka 55 nikaandika barua ya kustaafu kwa hiari. Kisheria ni ruhusa, ya lazima ni miaka 60. Mtaani wengine walisema nimefukuzwa, wengine wakasema nimepata mgodi. Ukweli ni kwamba mama yangu kule Sikonge alikuwa amepooza upande mmoja, mizinga yangu ya nyuki haikuwa na mwangalizi, na zamu za usiku zilikuwa zimenichosha. Zamu ya usiku ukiwa kijana inakwisha asubuhi. Ukifika miaka 55, ya Jumatatu unaimaliza Alhamisi.

Ya kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, sitayarudia, yameshaandikwa na wenye hasira kunizidi. Mwaka niliotoka mimi kanuni ilikuwa asilimia 33 kwa mkupuo na asilimia 67 kama pensheni ya kila mwezi. Bajeti ya mwaka 2024 ikaupandisha mkupuo hadi asilimia 40 kwa kundi letu, sisi ambao zamani tulistahili nusu. Nayataja kwa sababu moja tu: sehemu kubwa ya jasho langu inakuja kidogo kidogo kila mwezi, na hicho kidogo kisichokatika ndicho kilichoniponza.

Miezi ya kwanza ilikuwa mitamu. Nilipaua nyumba upya, nikamaliza deni la SACCOS, nikanunua mizinga ya kisasa thelathini. Halafu Novemba mama akafariki, na safari za Sikonge zikakosa sababu. Nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri bila kazi ya kuamkia. Mke wangu bado anafundisha shule ya msingi. Akirudi mchana ananikuta nimehamisha kabati, kesho yake ananikuta nimelirudisha. Siku moja akanitazama, akaweka mkoba chini, akasema, "Mzee, hilo kabati likiota miguu litakukimbia."

Machi 2024 simu ikalia. Alikuwa mganga mfawidhi wa hospitali moja isiyo ya Serikali, magharibi mwa mkoa, njia ya kwenda Kaliua. Sitaitaja, na haihusu kuitajwa, kwa sababu sidhani ilifanya jambo ambalo nyingine isingelifanya. Akaniamkia vizuri, akaniuliza habari za nyuki, kisha akaingia kwenye neno. Mtaalamu wao wa maabara anakwenda likizo ya uzazi, siku 84. Anayebaki ni binti mmoja mwenye stashahada, yupo kwa kujitolea. Wanataka mtu mzima mwenye leseni awashikie maabara mpaka mwenyewe arudi. "Utatuambia mzee wetu, kwa siku utataka kiasi gani."

Hapa naomba msomaji apunguze mwendo, kwa maana barua yote imo katika jibu nililompa. Nilisema: "Nipeni chochote tu, daktari. Mimi pensheni ninayo."

Nilisema kwa adabu. Tulivyolelewa sisi, mtu mzima akiitwa hatangulizi pesa. Lakini nisijipake mafuta: ilikuwa zaidi ya adabu. Nilifurahi kuitwa. Tangu nikabidhi funguo za maabara hakuna aliyeniuliza lolote linalohitaji kichwa changu. Ningekwenda bure, na nauli ningejilipia. Mganga mfawidhi naye ni mtu wa hesabu, akasikia nilichosema na nilichokuwa sijakisema, akataja shilingi 15,000 kwa siku, chumba cha kulala na chakula cha mchana. Sikupunguza wala sikuongeza. Nikamaliza simu nikaenda kutafuta koti langu jeupe, nikalikuta mke wangu amelifanya kifuniko cha cherehani.

Mkataba ulikuwa karatasi moja. Uliniita "mtoa huduma", haukuniita mfanyakazi. Wakati ule neno hilo halikunipa shida yoyote, nilitafuta tu mahali pa kusaini.

Nikaanza Aprili 2. Wenyeji wa huku wanajua Aprili ni mwezi gani: mvua zinaelekea ukingoni, madimbwi yamejaa, na malaria inapanda benchi kabla mapokezi hayajafunguliwa. Watoto ndio wengi. Mpaka saa tano asubuhi nilikuwa nimeshasoma slaidi ishirini. Jumapili nayo nilifanya kazi, kwa kuwa nililala pale pale na wagonjwa hawaangalii kalenda, na walinilipa siku zote, hilo nawapa haki yao.

Sasa yule binti. Stashahada yake aliipata miaka minne nyuma. Tangu hapo ameomba ajira serikalini kila zinapotangazwa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na mara mbili amekwenda usaili Dodoma kwa nauli ya kukopa. Pale hospitalini alikuwa "anajitolea", neno ambalo siku hizi maana yake ni kufanya kazi yote na kupewa hela ya sabuni. Yake ilikuwa shilingi 5,000 kwa siku. Aliniamkia, akanipokea begi, akaniita baba. Siku ya tatu nikasikia kwa wauguzi kwamba nikigeuka ananiita Babu Hadubini.

Tulifundishana. Majibu siku hizi yanaingizwa kwenye kompyuta, na mimi niliyezoea rejista ya kurasa nilikuwa nagonga herufi moja moja kama kuku anayedonoa mtama. Yeye akanionyesha pa kuingilia na pa kutokea. Mimi nikamwonyesha jinsi ya kukausha slaidi bila kuikaanga, na kwa nini unahesabu vimelea vya malaria mpaka umalize chembe nyeupe za damu 200 hata kama foleni inakuzomea. Alikuwa mwepesi, na alikuwa na ubishi, sifa ambayo kwa mtu wa maabara ni nusu ya kazi.

Katikati ya Mei akaletwa mrina asali, ametoka porini kwa pikipiki, safari ya tangu usiku. Homa wiki tatu. Alikuwa ameshameza dawa ya malaria mara mbili katika zahanati mbili tofauti, na kila akipimwa, kipimo cha haraka kinasema malaria ipo. Kipimo hicho sikibezi, kimeokoa watoto wengi katika nchi hii. Ila chenyewe kinanasa protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Binti alikuwa ameshaandika jibu la tatu la malaria. Mimi nikawa namtazama yule bwana kwenye benchi: saa nne asubuhi anasinzia, mkewe amemshika bega asianguke. Shingoni ana kidonda kilichoanza kukauka. Nikauliza, "Huko mnakorina mbung'o wapo?" Aliyejibu ni mkewe: "Kule ni kwao, baba. Sisi ndio wageni."

Nikachukua tone bichi, nikalifunika kwa kioo, nikapunguza mwanga wa hadubini. Damu mbichi ukiitazama vizuri ni kama uwanja wa mnada uliojaa watu waliosimama. Unachotafuta si mdudu. Unatafuta mahali ambapo umati unasukumwa na mtu usiyemwona. Nilitafuta robo saa nzima, binti ananipitia nyuma na bilauri za mkojo, najua alikuwa anasema moyoni huyu mzee amelala. Kwenye kona ya chini chembe zikaanza kupigwa vikumbo. Nikamwita. Akainama, akakaa kimya kirefu, halafu akasema taratibu, "Baba, kuna kitu kinaogelea."

Ilikuwa malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Wazee wetu huku Unyamwezi Waingereza waliwahamisha na kuwakusanya kwenye vijiji maalumu kwa sababu ya ugonjwa huo, na babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Mimi mwenyewe mara ya mwisho kumwona mdudu yule katika damu ya mtu nilikuwa Urambo, binti huyu hajaanza shule. Malale ya upande wetu haisubiri miaka, huua ndani ya miezi, kwa hiyo alasiri ile ile mgonjwa alipelekwa hospitali kubwa. Agosti nililetewa nyumbani Ipuli dumu la lita tano la asali nyeusi, aliyelileta akasema tu, "Limetoka kwa yule aliyekuwa anasinzia."

Binti aliibandika simu yake yenye kioo kilichopasuka kwenye jicho la hadubini akampiga picha mdudu. Kuanzia siku ile kila homa isiyoeleweka aliitengenezea tone bichi bila kuambiwa. Kwa hiyo ndugu yangu uliyetaka tupigwe marufuku, fikiria tena. Mdudu yule yumo vitabuni, na binti alifundishwa habari zake chuoni, akazijibia mtihani. Kumwona ni jambo jingine, na anayemwonyesha mtu ni lazima awe amewahi kumwona.

Mama mwenye likizo alijifungua mapacha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 kwa mtoto mmoja, na siku 100 wakiwa zaidi ya mmoja. Basi mkataba wangu uliokuwa umalizike Juni 24 ukasogezwa mpaka Julai 10, siku 16 za nyongeza kwa ajili ya Kulwa na Doto. Nadhani ni mimi peke yangu mkoani humu niliyeongezewa mkataba na watoto wa siku mbili.

Julai 9 jioni nilikuwa nafunga begi. Binti akanifuata chini ya mwembe ulio langoni, akasimama pembeni kidogo, mikono nyuma.

"Baba, naomba nikuambie kitu, na usikasirike."

Mtu akikuanza hivyo, jiandae kukasirika.

Akasema kwamba uongozi ulikuwa umemwahidi mkataba nikiondoka, kwa kuwa mwenzake hataweza tena zamu zote na mapacha. Akaomba shilingi 25,000 kwa siku. "Wameniambia, mzee mwenye miaka 31 kazini anatufanyia kwa elfu kumi na tano. Wewe wa juzi unaomba ishirini na tano kwa lipi? Wamenipa elfu kumi, baba." Akatazama chini, akamalizia: "Wewe una pensheni. Mimi chumba ni elfu thelathini kwa mwezi, na mama yangu ananitegemea mimi. Pensheni yangu iko wapi?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia sisi tulianza kazi kwa mshahara wa kununulia baiskeli kwa mafungu na hatukulia. Nilimwambia sikuja pale kumzibia mtu. Akasema, "Nisamehe, baba," akarudi ndani kuosha slaidi. Jambo linaloniuma mpaka leo ni hilo la kwenda kuosha slaidi, kwa sababu zilikuwa zangu, za mchana, na nilikuwa nimeziacha kwenye beseni.

Kesho yake kwenye kosta ya kurudi Tabora nilitoa bahasha ya malipo, nikaigeuza, nikaanza hesabu mgongoni mwake ili nimthibitishie binti, hata kama hayupo, kwamba amekosea. Siku 100 kwa shilingi 15,000 ni shilingi 1,500,000. Wakakata kodi ya zuio asilimia 5, kwa kuwa mimi ni mtoa huduma. Kwa bei aliyoiomba yeye, siku hizo hizo zingekuwa shilingi 2,500,000. Na kama angeandikwa mfanyakazi ingelazimika wamchangie NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa sekta binafsi, ambako jumla ni asilimia 20 ya mshahara na mwajiri hubeba angalau nusu. Hapo ongeza shilingi 250,000. Kwa hiyo kwa kunichukua mimi hospitali ilibaki na shilingi 1,250,000. Kosta ilipofika Urambo nilikuwa nimeshaacha kumbishia binti na nimeanza kujiuliza swali jingine. Pesa hiyo kaitoa nani?

Nilipokuwa kazini nilikatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri wangu, yaani Serikali, akaniwekea asilimia 15, kwanza PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, halafu PSSSF mifuko minne ya pensheni ilipounganishwa mwaka 2018. Kutoka huko ndiko ulikotoka ugali wa nyumbani kwangu siku zote 100, pamoja na umeme, maji na mchango wa msiba. Ndiyo maana niliweza kukubali 15,000. Kwa lugha nyingine, akiba yangu na kodi ya wananchi ziliisaidia hospitali ya watu binafsi kulipa mshahara wa maabara, bila mtu kutuomba wala kutushukuru. Na binti naye alichangia. Alichangia kuliko sisi sote, kwa sababu bei yangu ndiyo iliyogeuzwa dari yake, na dari lenyewe nililiweka chini kwa mdomo wangu, kwa adabu.

Nilikaa majuma mawili kabla sijampigia kumwomba radhi. Hakuwa maabara. Uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulikuwa umezinduliwa Kigoma Julai 20 na ulipofika kwetu Tabora alipata kazi ya siku chache kituoni. Alikuwa na sauti ya furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwa siku 100. "Huku baba bei ni moja kwa nafasi moja. Hawaulizi nyumbani una nini." Radhi alinipa kabla sijamaliza kuiomba, kisha akaniuliza kama nimeshajua kubadilisha neno la siri la kompyuta.

Februari 2025 simu ikalia tena. Safari hii zahanati moja ya hapa hapa mjini, miezi miwili, mtu wao amekwenda masomoni. Akaniuliza kiasi. Nikasema 40,000 kwa siku. Upande wa pili pakawa kimya, kisha akacheka, kicheko cha heshima kabisa. "Mzee wangu, lakini pensheni si unayo?"

Maneno yangu mwenyewe, mhariri. Yamezunguka mkoa mzima, yamevaa tai, yamenirudia.

Nikamjibu, "Pensheni nalipwa kwa kazi niliyokwisha kuifanya. Hii ya kwako bado sijaifanya." Akasema atanipigia. Badala yake akampigia mstaafu mwenzangu, tuliyefanya naye kazi miaka tisa, akakubali kwa 15,000. Nilimkuta sokoni siku moja, sikumficha. Akasema, "Nikikataa mimi si utakubali wewe?" Nikasema mimi nimeshakataa. Akanitazama kidogo, halafu akamuuliza mama muuzaji bei ya nyanya.

Simlaumu sana. Yeye ana wajukuu watano ndani, na pensheni ya aliyeanza kazi akiwa na cheo kidogo ni ndogo kweli kweli. Mtu wa namna hiyo ukimwambia akatae 15,000 unamwambia akatae chakula, na sina jibu zuri la kumpa. Lakini wapo wengi wa aina yangu, wenye nyumba, wenye mizinga, wenye mke anayelipwa mshahara, wanaokwenda kazini kwa sababu kabati limekwisha kuhamishwa. Hawa ndio nawaandikia: wauguzi, wahasibu, walimu wa fizikia na hesabu, mafundi wa maji, wote mnaopigiwa simu kwa sababu mnajua kazi na mnajulikana ni wapole.

Mwenzangu, siku simu ikilia, usiseme una pensheni. Haimhusu. Ukienda dukani kununua sukari muuzaji hakupunguzii kwa sababu una mshahara, wala hakuongezei. Taja bei ya kazi. Mimi nimeitafuta hivi: chukua mshahara wa kijana anayeanza kazi serikalini kwa elimu hiyo hiyo, ugawe kwa siku 22 za kazi, juu yake ongeza ile sehemu ya hifadhi ya jamii ambayo mwajiri angemwekea. Kwa mtu wa maabara mwenye stashahada hesabu yangu ilinipeleka kwenye 35,000 kwa siku. Chini ya hapo asiende mtu mwenye pensheni. Juu ya hapo aongeze kwa uzoefu wake, kama atapewa. Na kama mwajiri anaona mzee na kijana bei ni moja, basi atachagua kwa kazi. Siku akimchagua mzee, kijana hatakuwa ameonewa, na siku akimchagua kijana, mzee atarudi kwenye nyuki wake.

Neno la pili ni dogo. Serikalini mstaafu kurudishwa kwa mkataba kunahitaji kibali, huku mtaani ni simu tu. Sitaki vibali vije mtaani, tunavyo vya kutosha. Ila mstaafu mwenyewe anaweza kuomba mstari mmoja uandikwe kwenye ile karatasi: kwamba kwa muda wote wa mkataba atakuwa na kijana wa kada yake mezani, jina lake liandikwe, na malipo ya kijana yaandikwe. Hilo la mwisho ndilo nililolisahau mimi. Nilimfundisha mtu siku 100 bila kuuliza analipwa nini, na niliposikia ni 5,000 niliguna nikaendelea na slaidi.

Binti yuko Kaliua, anauza duka la dawa. Hana hadubini. Picha ya yule mdudu bado anayo kwenye simu, aliibadilisha simu akaihamisha. Juzi alinitumia tangazo la ajira na kuniuliza kama aombe. Nimemwambia aombe, na nauli ya Dodoma safari hii imo kwenye ile bahasha yenye hesabu mgongoni.

Mhariri, najua barua yangu ni ndefu. Ukilazimika kuipunguza, kata habari za kabati, na ukitaka kata na mapacha. Ile 35,000 usiikate.

Mstaafu wa maabara,
Ipuli, Tabora